Mwalimu wa Mteremko

Petroli ilipopanda kwa mara ya tatu mfululizo, Mwalimu Klachi alifikia uamuzi ambao hakuna mwalimu wa udereva mwenzake aliyewahi kuufikia, na aliufikia akiwa na akili zake timamu, tena mchana kweupe: si lazima gari liwake ndipo mtu ajifunze kuliendesha.

"Hebu fikirini wenyewe," aliwaambia wanafunzi wake wanne aliowapanga kando ya barabara. "Usukani unakunywa petroli?"

"Haunywi, Mwalimu."

"Vioo vya pembeni vinakunywa? Mkanda je?"

"Havinywi."

"Basi petroli ni ya nini?"

"Ya kwendea," alisema bwana mmoja muuza simu, ambaye alikuwa amelipa ada yote kwa mkupuo na kwa hiyo alijiona ana haki ya kujibu.

"Kwendea tuna mteremko," alisema Mwalimu. "Mteremko haujapanda bei."

Mteremko wenyewe ulianzia kwenye tenki la maji na kuishia kwenye mashine ya kusaga, mita kama mia nane za lami nzuri isiyo na magari mengi. Somo lilikwenda hivi: ufunguo unazungushwa kidogo tu, ili usukani usijifunge, lakini injini haiwashwi. Gia inawekwa huru. Mwanafunzi anafungua mlango, anashusha mguu mmoja chini, bega anaegemeza kwenye nguzo ya mlango, anasukuma hatua tatu nne mpaka gari likubali, kisha anaruka ndani na kuanza kujifunza. Kwa kuwa injini imezimwa, breki ilikuwa ikikanyagwa mara mbili inageuka ngumu kama gogo, na Mwalimu alikuwa akipiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga kama unaua nyoka!" Wakifika chini yeye mwenyewe ndiye aliyehamia kwenye usukani, akawasha, akapanda nalo polepole hadi kwenye tenki, huku mwanafunzi amekaa pembeni mikono mapajani.

"Kupanda niachieni mimi," alikuwa akisema. "Nyinyi mkipanda mnakanyaga mafuta kama mnafua blanketi."

Juu ya paa la gari palikuwa na kibao alichokilipia mwaka ambao mambo yalikuwa mazuri: CHUO CHA UDEREVA, UJUZI KAMILI. Gari lilipopita kimya kimya na kibao chake, mwanafunzi ametumbua macho, watoto waliokaa jirani na mashine ya kusaga walivua kofia na kusimama wima. Siku ya kwanza Mwalimu alidhani wanamheshimu. Siku ya pili akasikia mmoja anauliza maiti ni ya nani.

Alicheka. Tumtendee haki, alikuwa mtu wa kujicheka mwenyewe kabla wengine hawajamaliza kuvuta pumzi. Tatizo lake halikuwa kiburi cha kununa. Lilikuwa kiburi cha kujua.

* * *

Mwanafunzi wake wa tano, ambaye hakuhesabiwa popote, alikuwa mkewe.

Mkewe alifanya kazi ya kufungasha mikate kwenye kiwanda kidogo, kazi ya kusimama toka alfajiri mpaka alasiri, na miguu yake ilikuwa imeanza kumlalamikia. Sasa mwenye kiwanda, mama mmoja mnene asiyependa porojo, alikuwa amemfukuza dereva wa tatu ndani ya mwaka mmoja. Wote watatu kosa lao lilikuwa moja: walikuwa wananyonya mafuta ya gari la mikate kwa mpira na kuyauza. Akamwita mfungashaji wake pembeni ya tanuri.

"Wewe mumeo si anafundisha udereva?"

"Ndiyo, mama."

"Na hujui kuendesha?"

"Bado, mama."

"Kuna siri gani hapo?" mama aliuliza, lakini hakungoja jibu. "Nataka dereva mwanamke. Mshahara ni mara mbili ya huu wako, na utakuwa umekaa kitako. Niletee leseni Jumatatu ya tarehe moja. Usipoileta, nina mpwa wangu ana yake."

Zilikuwa zimebaki wiki nne. Jioni ile ile mke alimwekea Mwalimu mbele yake noti zilizokunjwa, elfu themanini, akiba ambayo mume hakujua kama ipo.

"Hii ni ya mafuta ya mafunzo yangu," alisema. "Sitaki uniambie gari halina kitu. Miaka kumi na tano unaniambia utanifundisha, mara tairi, mara mvua, mara wanafunzi wa kulipa. Nifundishe mama watoto wako."

"Nitakufundisha mpaka uwe unawafundisha wengine," alisema Mwalimu, na alisema kweli kutoka moyoni. Alizichukua zile noti, akaziweka ndani ya jalada la plastiki la kadi ya gari, mahali salama kuliko pote alipopajua.

Kesho yake asubuhi alikwenda kituo cha mafuta kununua. Alifika hadi kwenye foleni. Akaangalia kibao cha bei, akaangalia jalada, akafanya hesabu kichwani, na hapo ndipo ujuzi ulipomponza. Kwa nini anunue leo kwa bei hii ya wendawazimu, wakati kila mwenye macho anaona kwamba itashuka tarehe kumi na nne? Fedha ile ile itampa mkewe mafuta haya na nusu yake juu. Huko si kumnyima, huko ni kumpenda kwa hesabu. Akatoka kwenye foleni kwa kurudi nyuma, akipigiwa honi na watu sita.

* * *

Uchumi wa mtaa ule ulikuwa unaamuliwa kwa kinyozi. Palikuwa na benchi moja refu, kioo kikubwa, na mteja ambaye kila mara alikuwa katikati ya kunyolewa na hana pa kwenda.

"Ni wenye vituo hao," alisema kinyozi. "Wananunua meli nzima kwa bei ya zamani, wanaificha, halafu wanatuuzia kwa bei mpya. Wizi mtupu."

"Meli utaificha wapi?" aliuliza fundi magari, aliyekuwa anajipepea kwa gazeti. "Kwani meli ni sindano? Hii ni vita. Wakubwa wakigombana huko kwao, sisi huku ndio tunaotembea kwa miguu."

"Na vita vikiisha, bei inashuka?"

"Aa wapi. Inakaa pale pale inasubiri vita vingine."

Mstaafu wa benki, ambaye hata kwenye joto alivaa koti, alikohoa kuwanyamazisha. "Ni dola. Mafuta yanauzwa kwa dola, na dola hatuna. Sisi kule benki hili jambo tuliliona mapema sana."

"Mkafanya nini?"

"Tukastaafu."

"Na kodi je?" alisema mteja kutoka chini ya shuka, povu mpaka masikioni. "Lita moja ina kodi saba. Mimi nimezihesabu!"

"Usitikise kichwa, nitakukata sikio," alisema kinyozi. "Mwalimu, mbona kimya? Wewe ndiye mtu wa magari."

Mwalimu Klachi alikuwa anasubiri kuulizwa. Aliinuka taratibu, akachota povu kwa kidole, akaanza kuchora kwenye kioo mstari mmoja uliopanda, ukapanda, ukapanda, kisha akauinamisha kwa mkono wa madaha.

"Nyote mna haki na nyote mmekosea," alisema. "Dola ipo, vita vipo, wezi wapo, kodi zipo. Lakini bei ni kama gari mlimani. Ukipanda muda mrefu na gia ile ile, nguvu zinakwisha, utarudi nyuma tu hata kama hutaki. Imepanda mara tatu. Ya nne haiwezi. Tarehe kumi na nne inashuka. Andikeni."

Mstaafu wa benki alitazama kioo, akafunga kifungo cha koti. "Hoja nzito," alisema hatimaye.

Mwalimu alitoka pale amevimba kama mtu aliyeishusha bei mwenyewe. Kinyozi alimalizia kichwa cha mteja kwa kukisia, maana kioo chote kilikuwa kimejaa uchumi.

Nyumbani alimchorea binti yake mchoro ule ule kwenye daftari. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu na mdomo wa kidato cha sita, aliugeuza huku na huku. "Baba, hapa juu mpaka hapa ni bei zilizotangazwa. Hapa kushuka chini nani kakwambia?"

"Akili."

"Ya nani?"

"Kalale," alisema Mwalimu, ingawa ilikuwa saa kumi na mbili jioni na jua bado lipo.

* * *

Tarehe kumi na nne redio ilitangaza bei mpya wakati wa chai. Ilikuwa imepanda kuliko mara zote tatu zilizotangulia.

Mtu mwingine angekwenda kununua siku ile, akameza aibu, yakaisha. Mwalimu Klachi alikaa na kikombe chake mpaka chai ikapoa, na kabla haijapoa kabisa alikuwa ameshapata maelezo. Sasa imepita kiasi. Huku ilikofika haiwezi kukaa hata wiki mbili, serikali yenyewe itaingilia kati. Kununua leo ni kununua kileleni, na nani mwenye akili ananunua kileleni? Zaidi ya yote, kununua leo kungekuwa kukiri, mbele ya mkewe na mbele ya benchi zima, kwamba aliishika pesa ya watu wiki mbili na ikanyauka mkononi mwake. Hilo ndilo lilikuwa gumu. Alilijua, akalipitia pembeni kama dereva anayekwepa shimo.

Kwa ajili ya kupandia mlima aliendelea kununua mafuta kidogo kidogo kwa pesa za wanafunzi. Binti wa kwenye pampu alikuwa ameshamzoea.

"Leo ya kunywa au ya kunusa, Mwalimu?"

"Weka ya elfu tano."

Binti aliweka, mkono ukanyanyuka hata kabla haujashuka vizuri. Dereva wa gari la nyuma akauliza kama wanajaza kiberiti. Mwalimu alicheka nao, akaitikia kwamba ndiyo, kiberiti chenye magurudumu manne, akaondoka masikio yanawaka moto.

Wanafunzi wa kulipa aliwapa angalau mizunguko miwili kwa wiki gari likiwa limewashwa, barabara ya tambarare, wasije wakadai pesa yao. Mkewe hakumpa hata mmoja. Kila jioni aliporudi kutoka kiwandani, bado ana unga kwenye nyusi, walikwenda kwenye tenki. Alisukuma, akaruka ndani, akateremka. Alijifunza haraka kuliko wote. Usukani aliushika vizuri, kona alikata bila kupapatika, na kwenye breki aliua nyoka kwelikweli. Mwalimu alimtazama na kuona fahari, na chini ya ile fahari kulikuwa na kitu kidogo kilichomwambia kwamba mwanamke huyu angeweza kuwa dereva miaka kumi na tano iliyopita.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza juma la mwisho, "kupanda nitafundishwa lini?"

"Kupanda ni kuteremka kwa upande wa pili. Ukijua kimoja umejua vyote."

"Na ile pesa yangu, umeshaweka mafuta?"

"Mafuta yapo," alisema Mwalimu. Na yalikuwapo kweli, sehemu fulani duniani.

* * *

Mtihani ulikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ofisi ya leseni, na ng'ambo ya barabara kilikuwapo kituo cha mafuta. Mwalimu alileta watu wawili: muuza simu na mkewe. Mkewe alikuwa amefungasha mikate ya alfajiri, akaomba ruhusa, akavaa viatu vya kanisani.

Mtahini alikuwa bwana mwembamba mwenye miwani na faili. Aliingia kwanza na muuza simu. Wakatembea vizuri mita hamsini, wakakata kona ya kwanza, mtahini akasema "Simama." Muuza simu akafanya kama alivyofundishwa, kwa nguvu zake zote na uzito wake wote. Ila leo injini ilikuwa inawaka, na breki ilikuwa laini kama siagi. Gari lilisimama pale pale. Mtahini hakusimama. Faili ilipiga kioo cha mbele, miwani ikapiga dashibodi, na yeye mwenyewe akabaki ameshikilia mkanda kama mtu anayening'inia juu ya kisima.

"Nani kakufundisha hivi?" aliuliza aliporudishiwa miwani.

"Mwalimu Klachi."

"Alikwambia unakanyaga nini?"

"Nyoka," alisema muuza simu.

Watu waliokuwa wakingoja zamu zao ukutani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwalimu alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Alimkimbilia mkewe dirishani. "Breki leo ni nyepesi. Iguse tu. Iguse kama unamwamsha mtoto."

Mkewe alimtazama. "Kwa nini leo ni nyepesi?"

Lakini mtahini alikuwa ameshafunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha.

Mke alikwenda vizuri. Aliigusa breki kama kuamsha mtoto, akarudi nyuma baina ya vigingi bila kuangusha hata kimoja, akaegesha. Gia alibadilisha kwa kukwaruza kidogo, lakini alibadilisha. Pale ukutani muuza simu alisema, "Mama anapita huyu," na Mwalimu akaanza kupumua. Kisha gari likaelekea kwenye tuta la kupandia mlima mwishoni mwa uwanja. Likapanda nusu. Mtahini akanyoosha mkono, likasimama hapo hapo kwenye mwinuko, breki ya mkono juu.

"Ondoka," alisema mtahini.

Gari lilikohoa na kuzima. Mke akawasha tena, likakohoa tena, safari hii likarudi nyuma hatua mbili. Mara ya tatu hakuwasha. Kila mtu pale uwanjani aliona mlango wa dereva ukifunguka, kiatu cha kanisani kikishuka chini, na bega la mama wa watu likiegemea nguzo ya mlango. Alikuwa amejiandaa kusukuma.

Hakuna aliyecheka mara moja. Walikuwa hawaamini. Mtahini mwenyewe aliuliza kwa upole kabisa, "Mama, unakwenda wapi?"

Hapo ndipo uwanja mzima ulipolipuka. Mke alisimama pale mguu mmoja ndani mmoja nje, akatambua mwili wake umefanya nini bila kumuuliza, akainamisha uso. Mwalimu Klachi alitamani ardhi ipasuke imchukue yeye na kibao chake cha UJUZI KAMILI.

"Usukani unaujua kuliko wengi waliopita hapa leo," mtahini alimwambia mke mbele ya mumewe, akiandika. "Kupanda hujawahi kufundishwa hata siku moja. Nina mtu wa saa tisa hajatokea. Ukija na gari linalowaka na ukapanda tuta lile, nitakupa karatasi yako. Ukishindwa, ni mwezi ujao."

Mwezi ujao mpwa wa mwenye mikate angekuwa ameshajua kila duka.

* * *

Walibaki wawili kando ya gari. Ilikuwa saa tano na nusu.

"Pesa yangu ya mafuta iko wapi?" aliuliza mkewe. Hakupaza sauti, na Mwalimu angefurahi kama angepaza.

Alifungua gari, akatoa jalada la plastiki, akatoa zile noti. Zilikuwa zimekunjwa vile vile kama alivyopewa.

"Nilikuwa nasubiri ishuke," alisema.

Mkewe alizitazama. "Ungezila," alisema. "Wallahi ungezinywea pombe ningeelewa. Ningesema mume wangu mlevi, nikajua nalilia nini. Sasa nikawaambie watu nini? Kwamba nimenyimwa mafuta na mtu aliyekuwa ananihurumia?"

Mwalimu alifungua mdomo. Alikuwa na maelezo, alikuwa nayo siku zote, ya dola na ya vita, na kwa mara ya kwanza yote yalikuwa mepesi kuliko zile noti mkononi mwake. Aliona aibu, na haikuwa ile ya kituo cha mafuta ambayo mtu anaweza kuicheka akaipunguza.

"Lete," alisema mkewe, akachukua pesa. "Nakwenda kwa Dogo."

Dogo alikuwa mwalimu wa udereva mwenye gari jipya lililoegeshwa kivulini pale pale uwanjani, limewashwa kutwa bila sababu. Miaka sita iliyopita alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Klachi, enzi ambazo Mwalimu alikuwa anawasha gari. Mke alivuka uwanja, akampa pesa, akasema neno moja mawili, akaingia na kukaa kwenye kiti cha dereva. Dogo alizihesabu zile noti, akamtazama yule mama, akashuka na kuja kwa Mwalimu nyuma ya gari.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba."

"Hii ni themanini. Kumwendesha mlimani mpaka saa tisa, na gari la mtihani, ni laki na nusu. Sijataka kumwambia yeye, naona ameshaumia."

"Mwezi uliopita ulikuwa unachukua themanini."

"Mwezi uliopita, ndiyo," alisema Dogo, kwa huruma kabisa. "Bei ya mafuta, mwalimu wangu. Sababu zake unazijua wewe kuliko mimi."

Mwalimu alijipapasa mifuko. Alikuwa na elfu tano, ile ya kunusa. Aliangalia gari lake, akaangalia muuza simu aliyekuwa bado ukutani akisimulia habari za nyoka. Alijua ana kitu kimoja tu ambacho Dogo angekitaka, na alijua Dogo hatakiomba, kwa heshima. Ilibidi akitoe mwenyewe.

"Nina wanafunzi wanne," alisema. "Ada yao nimeshaila, lakini kila mmoja bado anadaiwa ada ya mtihani na masomo ya marudio, na wana ndugu zao wanaotaka kujifunza. Wachukue. Muuza simu yule pale, ukimrekebisha mguu ni dereva. Mwingine ni nesi, mwoga lakini hasahau. Wale wawili wengine nitakuletea kesho."

"Mwalimu wangu, na wewe utabaki na nini?"

"Mimi nitabaki na gari lisilokula mafuta," alisema Mwalimu Klachi. "Nenda. Saa inakwenda. Na usimwambie."

Dogo alisimama kidogo kama mtu anayetaka kukataa, kisha akakumbuka na yeye anauziwa petroli bei gani. Alimpa Mwalimu mkono, kwa mikono yote miwili, akaenda.

Mchana ule Mwalimu alikaa ukutani. Muuza simu alipoambiwa amehamishwa chuo alishukuru haraka mno, halafu akaona aibu, akamnunulia soda. Watu waliokuwa wanangoja zamu walikuwa wameingia kwenye mjadala. Mmoja alisema ni dola, mwingine akasema ni wenye meli.

"Mzee, wewe ni mtu wa magari," alisema mmoja wao. "Eti kwa nini petroli haishuki?"

"Mimi nafundisha breki tu," alijibu Mwalimu, "na zenyewe mmeziona."

Saa tisa na dakika kumi gari la Dogo lilifika kwenye tuta. Mtahini alikuwa amejifunga mkanda na mkono mmoja ameuegemeza kwenye dashibodi kwa tahadhari. Gari lilisimama nusu ya mwinuko. Mwalimu alisimama pia. Mguu wake wa kushoto, bila yeye kuutuma, ulianza kuachia klachi isiyokuwapo, taratibu, taratibu, mpaka aliposikia injini ya kule ikibadilika sauti. Gari lilitetemeka. Halikurudi nyuma hata inchi. Likapanda, likafika juu, likashuka upande wa pili.

Mkewe alikuja na karatasi ameishika kwa vidole viwili, wino bado mbichi. Hakuwa anacheka, hakuwa amenuna. Alikuwa amechoka na amefurahi, vyote kwa pamoja, na unga wa alfajiri ulikuwa bado kwenye nyusi.

"Nimepita."

"Nimeona. Hongera, mama watoto." Alitaka kusema nisamehe, na akasema. "Nisamehe."

Mkewe alikunja karatasi, akaitia kifuani, akatazama ule ukuta, akamwona muuza simu amekaa kwenye gari la Dogo, mkanda begani, akioneshwa breki. Kisha akamgeukia mumewe.

"Nimemsikia Dogo kwenye simu anamwambia mtu siku hizi ni laki na nusu," alisema. "Themanini yangu ilitoshaje?"

"Ilitosha," alisema Mwalimu. "Petroli imeshuka leo."

Mkewe aligeuza shingo, akatazama ng'ambo ya barabara. Kibao cha kituo cha mafuta kilikuwa pale pale na bei ile ile, tarakimu zake ndefu kuliko mtu, na hata asiyejua kusoma angezisoma. Alizisoma zote, moja moja. Mwalimu aliangalia viatu vyake.

Akahisi mkono wa mkewe unaingia kwapani mwake, mbele za watu.

"Imeshuka sana?" aliuliza mkewe.

"Sana," alisema Mwalimu Klachi. "Sijawahi kuiona chini namna hii."